Kazi ya ulezi katika kambi ya watoto Marekani: mwongozo kamili, kuanzia fomu hadi kodi

Kila ikifika Aprili, simu yangu hujaa swali moja: "Nimejaza fomu tangu Februari, hakuna kambi iliyonichukua. Nimekosea wapi?"

Nimeomba kuonyeshwa fomu hizo, nikasoma kadhaa. Walioziandika si wavivu, wala Kiingereza chao si kibovu. Ila wameandika barua ya mtu anayetaka kwenda Marekani, na anayeisoma ni mkurugenzi wa kambi ya likizo ya kiangazi anayetafuta mtu wa kulala chumba kimoja na watoto wanane wasio wake, wiki nane mfululizo. Hao ni watu wawili tofauti. Mimi nilifanya kazi hii misimu miwili, kambi ya kando ya ziwa jimboni Maine, na makosa mengi utakayoyasoma humu niliyafanya mwenyewe.

## Kabla ya kutoa hata shilingi

Kazi hii hufanywa kwa viza ya J-1, yaani viza ya muda ya programu za kubadilishana, kundi la walezi wa kambi. Masharti yake ni haya: uwe na umri wa miaka 18 au zaidi, uweze kuzungumza Kiingereza, na uwe mwanafunzi wa chuo, mwalimu, mtu anayefanya kazi na vijana, au mwenye ujuzi maalumu. Muda hauzidi miezi minne.

Mlezi haruhusiwi kuajiriwa kama mpishi, muosha vyombo, mfagizi au karani. Kazi hizo zipo kambini, lakini wageni wanaozifanya huja kwa kundi jingine la J-1, lile la wanafunzi wa chuo walio likizoni. Ukiahidiwa ulezi kisha mkataba ukataja jikoni, simama hapo uulize.

Tazama pia pasipoti yako. Tangu Juni 2025 serikali ya Marekani imesitisha viza za J kwa raia wa baadhi ya nchi. Burundi ilikuwemo tangu mwanzo, na Tanzania iliongezwa kwa amri ya Desemba 2025. Orodha hii hubadilika, kwa hiyo soma tovuti ya ubalozi wa Marekani nchini kwako siku ileile unayotaka kulipa, si mwezi uliopita.

## Vitu vya kuwa navyo mkononi

- Pasipoti ambayo haikaribii kuisha muda.
- Cheti cha tabia njema kutoka polisi. Kenya unaomba kupitia eCitizen kisha unapigwa alama za vidole. Usisubiri kuchaguliwa ndipo uanze, kwa sababu hakitoki kwa siku moja.
- Barua ya chuo au ya mwajiri inayoonyesha utarudi lini masomoni au kazini.
- Watu wawili au watatu waliokuona ukifanya kazi na watoto, wasio ndugu zako, wanaojibu barua pepe. Hili la mwisho ndilo huwaangusha wengi: mwalimu mkuu anakupenda sana lakini hafungui barua pepe.
- Vyeti vya stadi: uokoaji majini, huduma ya kwanza, ukocha, muziki.
- Kadi ya chanjo na fomu ya daktari.
- Fedha: ada ya mdhamini (shirika linalosimamia safari yako, tazama Hatua ya 1), nauli ya ndege, dola 35 za SEVIS (mfumo wa serikali ya Marekani wa kuwasajili wageni wa viza hii) na dola 185 za viza. Sheria iliyopitishwa Julai 2025 iliweka ada nyingine ya dola 250 kwa viza za muda, kwa hiyo itenge mapema.

## Hatua ya 1: Tafuta mdhamini, kimbia dalali (Septemba hadi Novemba)

Huwezi kupata viza hii bila mdhamini aliyeidhinishwa na Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani. Camp America, CCUSA na InterExchange ni miongoni mwa majina ya siku nyingi. Orodha yote iko kwenye tovuti ya wizara, j1visa.state.gov. Wengine hufanya kazi kupitia wakala wa hapa nyumbani, na hilo si kosa. Mwandikie mdhamini mwenyewe umuulize kama anamtambua wakala huyo.

Dalali ana dalili zake. Anakuhakikishia viza. Anataka fedha zote kabla hujazungumza na kambi yoyote. Anakwambia umri na kazi "tutarekebisha kwenye fomu." Fomu iliyorekebishwa ni uongo mbele ya ofisa wa ubalozi, na uongo huo unaweza kukufungia mlango wa viza maisha yako yote huku dalali akiendelea na biashara yake.

Kwa nini Septemba? Kambi huanza kupanga wafanyakazi msimu mmoja ukiisha, na nafasi nyingi huwa zimejaa kabla ya masika. Aliyejaza fomu Februari anagombea mabaki.

## Hatua ya 2: Chagua stadi moja, uithibitishe

Kambi haiajiri mlezi mtupu. Inaajiri mlezi anayefundisha kuogelea, soka, upinde, kuendesha mtumbwi, ngoma, maigizo, ufinyanzi, kupanda kuta. Mchana unafundisha, usiku unalala na watoto.

Maji ndiyo yenye uhaba zaidi. Kambi nyingi ziko kando ya ziwa na sharti liwe na waokoaji wa kutosha kwanza, ndipo watoto waingie. Ukiwa unaogelea vizuri, jiandae kwa jaribio la uokoaji la Msalaba Mwekundu wa Marekani: kuelea kwa dakika mbili kwa miguu pekee bila kutumia mikono, na kuzamia kuokota tofali la ratili kumi, karibu kilo nne na nusu. Niliwahi kuamini kwamba mtoto wa pwani hahitaji mazoezi hayo. Bahari yetu ina chumvi inayokubeba, nayo ina joto. Ziwa la Maine mwezi wa Juni ni baridi, jeusi, na halikubebi. Nilirudia jaribio mara mbili.

Kama maji si yako, usijilazimishe. Ushanga, ususi wa ukili, ngoma, riadha, bao: yote haya yanafundishika na hayapatikani kwa mwombaji wa Ohio. Mradi uweze kuonyesha kwamba umewahi kuyafundisha, si kuyafanya tu.

## Hatua ya 3: Andika wasifu kwa ajili ya mtu anayejaza chumba

Hapa ndipo fomu nyingi hufia. Huu ni mfano wa kile ninachokutana nacho, ingawa wewe utaandika kwa Kiingereza:

"Mimi ni mchapakazi, mnyenyekevu, napenda watoto sana na niko tayari kufanya kazi yoyote."

Mkurugenzi amesoma sentensi hiyo mara mia. Haimwambii umewahi kuwa na watoto wangapi, wa umri gani, na walipokushinda ulifanya nini. Linganisha na hii:

"Kwa misimu miwili nimefundisha kuogelea kila Jumamosi, watoto kumi wa miaka 7 hadi 12. Anayeogopa maji naanza naye kwenye ngazi, tunapuliza mapovu mpaka acheke. Mwaka jana mmoja alikaa ngazini wiki tatu. Wiki ya nne aliogelea."

Hakuna sifa hata moja humo, na bado unamwona mtu. Andika hivyo: idadi, umri, muda, tukio moja.

Najua kinachotuzuia. Tumelelewa kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na kujieleza tunaona ni kujigamba. Methali hiyo iache nyumbani hadi Agosti. Usipoandika kwamba umelea wadogo zako watano, au kwamba umekuwa mwalimu wa madrasa au wa shule ya Jumapili kwa miaka minne, kambi itaamini kwamba hujawahi kushika mtoto. Hayo yote ni uzoefu.

Video iwe ya dakika moja au mbili, nje, mchana, sauti isikike. Onyesha stadi ukiifanya. Ukipiga picha watoto, pata ruhusa ya wazazi kwanza na uiseme kwenye video. Mkurugenzi ataona kwamba unajua mipaka kabla hajakufundisha.

Utajua wasifu umekaa sawa pale rafiki atakapousoma na kukwambia ungefaa watoto wa umri gani, bila wewe kumdokeza.

## Hatua ya 4: Mahojiano, na saa zake

Anza na saa, kwa sababu imewaponza watu wazima wenye akili zao. Mkurugenzi akiandika 3:00 PM ya saa za Mashariki ya Marekani mwezi wa Januari, Nairobi ni saa tano usiku. Tofauti ni saa nane hadi Jumapili ya pili ya Machi, ambapo wao husogeza saa mbele na tofauti inakuwa saba. Miadi ileile ya saa tano usiku inakuwa saa nne. Msichana mmoja niliyemsaidia alikaa mbele ya kompyuta saa nzima baada ya mkurugenzi kukata tamaa na kwenda zake.

Maswali ni ya matukio. Mtoto analia usiku anataka kwao. Wawili wamepigana. Mmoja hataki kuoga siku ya tatu. Wanataka kusikia utakachofanya kwa mikono na mdomo wako, hatua kwa hatua. Ukijibu "nitampigisha magoti" au "nitamchapa kidogo tu", mazungumzo yameisha, hata wakiendelea kutabasamu. Sema hivi: nitawatenganisha, nitamsikiliza kila mmoja peke yake mahali tunapoonekana, nitamweleza mlezi mwenzangu, na kama kuna aliyeumia nitampeleka kwa muuguzi.

Mwite mkurugenzi kwa jina lake la kwanza akikutaka hivyo. Heshima yetu ya "sir" kila sentensi kwao husikika kama woga, na mwoga hawakabidhi watoto. Nawe uliza: watoto watakuwa wa umri gani, chumba kina walezi wangapi, siku ya mapumziko ni ipi?

## Hatua ya 5: Soma mkataba kwa kikokotoo

Malipo huwa kiasi kimoja kwa msimu mzima, si kwa saa. Ukiyagawa kwa saa utaona yako chini ya kima cha chini cha mshahara, na utadhani umeibiwa. Sheria ya kazi ya Marekani inaziondoa kwenye kima hicho sehemu za burudani za msimu zisizofanya kazi zaidi ya miezi saba kwa mwaka, na kambi nyingi zinaingia humo. Chakula na malazi ni juu yao.

Kisicho halali ni wewe kulipwa pungufu kuliko Mmarekani wa nafasi ileile kwa sababu umetoka nje. Kanuni za J-1 zinakataza.

Fanya hesabu hii kabla ya kusaini: malipo, toa nauli, toa ada zote. Kinachobaki mwaka wa kwanza ni kidogo, wakati mwingine hakipo. Anayeenda kutafuta mtaji wa duka atarudi na uchungu, na watoto watauona uchungu huo mapema kuliko yeye.

## Hatua ya 6: Viza

Mdhamini akishakubali nafasi yako anakutumia fomu DS-2019, hati inayothibitisha kwamba umekubaliwa kwenye programu. Unalipa SEVIS, unajaza DS-160 (fomu ya mtandaoni ya kuomba viza), unalipa ada ya viza, unapanga siku ya kwenda ubalozini. Nairobi ni Gigiri.

Sheria inamtaka ofisa akuhesabu kuwa mtu anayetaka kuhamia mpaka umwonyeshe vinginevyo. Hilo ndilo jambo lote. Jibu fupi na la kweli: kambi gani, jimbo gani, utafundisha nini, watoto wa umri gani, unarudi lini na kwa ajili ya nini. Aliyekariri barua ya dalali hukwama kwenye swali la pili.

Tangu Juni 2025 waombaji wa J hutakiwa kuweka wazi kurasa zao za mitandao ya kijamii. Zipitie mwenyewe kwanza.

Onyo: usilipe tiketi kabla ya viza kuwa mkononi. Na usipange kuingia zaidi ya siku 30 kabla ya tarehe ya kuanza iliyoandikwa kwenye DS-2019, hutaruhusiwa. Fomu hiyo ibebe mkononi, isiingie kwenye sanduku la ndege.

Mzigo wenyewe ni mdogo: koti la mvua, tochi ya kichwani, viatu viwili vya kufungwa, sweta (usiku wa Juni kule unauma), leso au kanga mbili zenye kazi ishirini. Karanga za zawadi ziache. Utaona kwa nini.

## Hatua ya 7: Wiki ya mafunzo

Kwa kawaida unafika wiki moja hivi kabla ya watoto. Utafundishwa kumsaidia aliyekwama pumzi, kanuni za ulinzi wa watoto, njia za kukimbia moto. Andika kila kitu. Lengo lako la wiki ni kujua majina ya walezi wote, alipo muuguzi saa za usiku, na watoto wako wana mzio wa nini. Ukiweza kutaja hayo gizani bila karatasi, uko tayari.

## Hatua ya 8: Kuishi na watoto

Walezi wangapi kwa watoto wangapi? Viwango vya chama cha kambi cha Marekani, ACA, kwa kambi za kulala ni mlezi mmoja kwa watoto 6 wa miaka 6 hadi 8, na mmoja kwa 8 wa miaka 9 hadi 14. Ukijikuta na kumi na tano peke yako mara kwa mara, mwambie kiongozi wako.

Usiku wa kwanza. Kilio huja nyakati mbili za siku: baada ya chakula cha mchana watoto wanapopumzika, na taa zikizimwa. Sababu ni kwamba mikono haina kazi. Mpe kazi: apange vitanda nawe, aandike barua kwao, achague hadithi. Usimwahidi simu, na usimwambie "kaa siku tatu, ukishindwa watakuja kukuchukua." Mimi nilisema hivyo kwa mvulana wa miaka tisa. Hakucheza siku tatu, alikuwa anahesabu. Siku ya nne alikuja na begi lake mlangoni.

Aliyekojoa kitandani. Sisi tuliosoma bweni tunakumbuka godoro likibebwa hadi uwanjani wote wakitazama. Kule, kumwaibisha mtoto hivyo kutakufukuzisha, na ni haki. Mlezi mmoja anawapeleka wote kwenye kifungua kinywa, mwingine anabaki kubadilisha shuka. Mtoto akirudi, kitanda kimetandikwa. Kubalianeni naye ishara ndogo, kwa mfano kuweka mto chini, ili asihitaji kusema.

Usiwe peke yako na mtoto mahali pasipoonekana. Anataka kuzungumza? Kaeni kwenye ngazi za nje, watu wakiwaona bila kuwasikia. Mtoto akisema "nitakwambia siri, usimwambie mtu", jibu: "Nikiona uko hatarini nitamwambia anayeweza kukusaidia." Kisha ripoti kwa mkurugenzi siku hiyohiyo. Majimbo mengi yanamhesabu mfanyakazi wa kambi kuwa ana wajibu wa kisheria kuripoti. Usianze kuchunguza mwenyewe.

Mzio. Kwetu karanga ni kitafunwa cha stendi ya basi. Kule kuna mtoto ambaye chembe yake inaweza kumziba koo. Ataonyesha vipele, uso kuvimba, kupumua kwa shida. Sindano ya EpiPen, dawa ya dharura ya mzio, huchomwa paja la nje, kisha unaita msaada, hata akionekana amepona. Dawa zote hukaa kwa muuguzi, za kwako pia, pamoja na Panadol.

Kupe. Baada ya msitu, watoto wajikague nyuma ya masikio, kwapani, nyuma ya magoti na kwenye nywele. Kupe wa huko hueneza ugonjwa wa Lyme, na mara nyingi huhitaji kung'ang'ania zaidi ya saa 24 ndipo auambukize, kwa hiyo ukaguzi wa jioni unalipa. Ng'oa kwa kibanio karibu na ngozi, vuta moja kwa moja, peleka kwa muuguzi.

Majini. Kila mtoto ana mwenzake. Kipenga kikilia, kila jozi inashikana mikono na kuinyanyua juu, mnahesabu. Hesabu isipotimia hakuna "labda ameenda chooni." Wote wanatoka majini kwanza.

Picha za watoto usizitume popote, hata kwa mama yako.

## Hatua ya 9: Wewe mwenyewe

Wiki ya nne utachoka mpaka uchukie wimbo wa asubuhi. Siku ya mapumziko lala. Usifuate wenzako baa kama hujafika miaka 21, kwa sababu huo ndio umri halali wa pombe huko, na kambi nyingi hazitoi onyo la pili.

Bima ya mdhamini kwa kanuni ni angalau dola 100,000 kwa kila ugonjwa au ajali. Meno na maradhi ya zamani kwa kawaida hayamo. Tibu jino kabla ya kupanda ndege. Ukinyimwa malipo, ukinyang'anywa pasipoti au ukinyanyaswa, mpigie mdhamini kwanza, na simu ya dharura ya J-1 ya wizara ni 1-866-283-9090.

Kazi ikiisha una siku 30 za kutembea. Kufanya kazi siku hizo ni kuvunja masharti.

## Hatua ya 10: Kodi

Kambini utajaza W-4, fomu inayomwonyesha mwajiri akukate kodi kiasi gani. Hakikisha umeandika kwamba wewe si mkazi. Kwa J-1 wa aina yako, makato ya Social Security na Medicare (pensheni na bima ya afya ya serikali yao) hayakuhusu. Yakionekana kwenye hati ya malipo, yaombe kambini kabla hujaondoka, maana ukiwa Kisumu itakuwa barua na kungoja.

Kodi ya mapato ya serikali kuu unayo, na utaijazia fomu 1040-NR, ile ya wasio wakazi, mwaka unaofuata, mwisho tarehe 15 Aprili. Ili kuijaza unahitaji W-2, hati ya mshahara na makato yako ya mwaka, ambayo kambi huituma baada ya mwaka kuisha. Iombe kwa barua pepe, au toa anwani ya sanduku la posta linalofunguliwa kweli. Mimi nilitoa la mjomba. W-2 yangu niliikuta mwezi wa Mei.